Namba ya Shaba

4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo na, kwa bati tulilonalo, nusu yake imenyesha ndani ya stoo. Nimekuta rola mbili za waya wa shaba zimelowa chapachapa. Nikamwita Kimya, fundi wetu, tukazihamisha rola zote na kuzipanga juu ya tanuri la kukaushia vanishi, hapa mbele ya meza yangu. Pale zitakaa kavu. Pia zitakuwa mbele ya macho yangu, jambo ambalo sikumwambia Kimya, maana jina hilo tulimpa kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu siku tuliyomwajiri.

Mdogo wangu ndiye anayetununulia waya. Aliporudi na kukuta stoo tupu aliuliza nani kahamisha mali. Nikamwambia muulize bati. Akanitazama, akacheka kidogo, akaenda kunawa mikono. Sikukipenda kile kicheko.

7 Machi

Mvua. Mdogo wangu amekuja na viatu vipya vya ngozi, katika matope haya. Sijauliza.

15 Machi

Leo amerudi Mama wa Mashine, yule mwenye mashine ya kusaga unga, na mota yake mgongoni mwa mpagazi. Tuliisuka upya kwa waya mpya juzijuzi tu. Imeungua. Nilipoifungua ilinuka kama nywele zilizochomwa, waya umekuwa mweusi, na vanishi tuliyoupaka ili usipige shoti bado inanata vidoleni wakati ilipaswa kuwa ngumu kama kucha. Vanishi hiyo alinunua nani? Mdogo wangu. Na waya? Mdogo wangu.

Mama wa Mashine hakufoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akakunja kanga yake vizuri magotini, akasema safari hii atanyamaza, lakini wanaokuja kusaga kwake wana midomo na yeye hawezi kuwafunga wote.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Karakana hii ni yake, ameijenga kwa mikono hiyo ambayo sasa haiwezi kushika koleo. Mvua zikiisha anataka kutuandikia, nusu yangu, nusu ya mdogo wangu, tuiendeshe pamoja. Amekwisha sema mbele ya ukoo mzima. Nilimtazama Baba, nikaitazama mota, machale yakanicheza. Mimi sitaki kufungwa nira moja na mwizi, hata kama tumenyonya ziwa moja.

16 Machi

Nimepata njia ya kumjua bila kugombana na mtu.

Kila metali ina namba yake, inayoonyesha inaukataa umeme kwa kiasi gani. Fedha namba yake ndogo kuliko zote, inafuata shaba, aluminiamu iko nyuma zaidi. Ukichanganya shaba na takataka nyingine, namba inapanda, waya unapata joto, mota inaungua. Kwa hiyo nikiipima namba ya waya wetu na kuilinganisha na ya shaba halisi, nitajua tunauziwa nini.

Kipande kifupi cha waya mita yetu ya umeme haikioni, ukinzani wake ni mdogo mno. Nimepima rola nzima, ncha hadi ncha, papo hapo juu ya tanuri ili isiondoke machoni pangu. Uzito wa rola ninao tangu siku ilipoingia, unene nimepima, urefu nimeutoa humo kwa hesabu. Jibu: 1.99.

Kitabu changu cha chuo cha ufundi kinasema shaba ni 1.72.

Nimepiga hesabu upya. 1.99.

18 Machi

Ili nisimwonee mtu nimetafuta mahali pengine. Kwenye simu, jedwali moja linasema shaba ni 1.68. Nikachukua kitabu kikubwa cha Baba, kile kinachonuka ukungu. Nimenakili mstari wa shaba peke yake: 1.54.

Shaba ni moja, waandishi watatu, na hakuna anayekubaliana na mwenzake. Mtu akishindwa kusema kweli hata juu ya chuma, sijui juu ya binadamu tutamsikia nani.

19 Machi

Nimewaza hivi. Hata nikimchagulia mdogo wangu namba inayompendelea kuliko zote, bado waya wake uko mbali nayo. Wenye vitabu waendelee kubishana, yeye hatoki.

22 Machi

Mota ya msumeno wa seremala imerudi. Imeungua. Vanishi inanata.

27 Machi

Jana mdogo wangu alileta rola mpya, ikiwa bado kwenye boksi la kiwanda. Nilitaka kuipima pale pale, lakini ilikuwa na unyevunyevu wa njiani. Nikaiweka juu ya tanuri na zile nyingine, ishinde na ilale hapo, ikauke kwanza, nisije nikaambiwa nimeipima vibaya kwa chuki. Mimi ni mtu wa haki. Asubuhi hii nimeipima: 1.98.

Kumbe hata boksi la kiwanda wanalifungua na kulifunga upya. Nimeitia rola hiyo alama ya msumari chini, pasipoonekana.

3 Aprili

Nimezunguka na mwavuli mji mzima kutafuta namba ya kuaminika. Maktaba wana kitabu kinachosema 1.72, ila ukurasa una doa la chai na sikuwa na uhakika na ile saba. Shule ya sekondari iliyo ng'ambo ya barabara wana chati ukutani, imeandika 1.7 tu, wamekata mkia. Mwalimu wa fizikia, ambaye tulisoma darasa moja, hakuwepo, yuko kwenye usahihishaji wa mitihani. Nimeacha ujumbe.

Dukani nilikonunua mwavuli nilimwona mdogo wangu ng'ambo ya pili, anaongea na mtu mwenye pikipiki, wanacheka. Mwenye pikipiki akampa mfuko mweusi. Nilijificha nyuma ya miavuli. Mtu mzima kama mimi. Mwenye duka aliniuliza kama najisikia vibaya.

6 Aprili

Mfuko ule mweusi ulikuwa wa viazi. Ameuleta nyumbani, amempa Baba. Sawa. Lakini kwa nini wacheke?

10 Aprili

Leo nimelisema.

Mama wa Mashine alirudi asubuhi na mota ile ile, kwa mara ya pili, na safari hii hakunyamaza. Alisema mbele ya wateja wengine kwamba karakana ya mzee huyu zamani ilikuwa ukisukiwa mota unasahau kama una mota, na sasa imekuwa mahali pa kuja kuabudu kila wiki. Watu walicheka. Baba aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona Baba akiinamisha kichwa mbele ya mteja, na moyo uliniuma kuliko nilivyotegemea.

Wateja walipoondoka nilifunga mlango nusu. Nikamwonyesha Baba karatasi yangu: namba za vitabu upande huu, namba za rola zetu upande huu. Nikamweleza polepole, kwa maana sikio lake moja halisikii, kwamba waya tunaosukia si shaba safi, na kwamba mikono inayouleta ni ya mtu mmoja.

Baba aliishika ile karatasi muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Una hakika, mwanangu?"

"Vitabu havina undugu na mtu, Baba."

Nilijisikia mtu mkubwa niliposema hivyo. Ninaandika hapa ili nikumbuke kwamba nilijisikia hivyo.

Mdogo wangu aliingia akiwa amelowa, ameshika kifurushi cha karatasi za kuhami. Baba akamwambia aweke ufunguo wa karakana mezani. Hakuelewa. Akadhani tunabadilisha kufuli. Baba akarudia. Ndipo akanigeukia mimi, nami nikamsogezea karatasi.

Aliisoma yote. Hakuruka mstari. Alipofika mwisho aliniuliza, "Hii moja tisa tisa ni ya waya wangu?"

"Ni ya wako."

"Zote?"

"Zote."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilikuwa na majibu ya kila kelele. Badala yake alitoa ufunguo kwenye mkufu wake, akauweka juu ya karatasi, akamwambia Baba, "Shikamoo, mzee wangu," kana kwamba ndiyo kwanza anaingia, akatoka na mvua yake. Kimya alisimama na koleo mkononi, na kwa mara ya kwanza jina lake lilimfaa.

Asiye na kosa angefoka. Hilo ndilo ninalojiambia. Angefoka, angepiga meza.

11 Aprili

Mvua. Baba hajaja karakana. Anasema mgongo.

14 Aprili

Nimenunua waya mwenyewe, kwa muuzaji mwingine kabisa, upande wa pili wa mji. Nimechagua kwa mkono wangu, nimeubeba kwa mkono wangu. Umelala juu ya tanuri. Kesho napima, nilale usingizi wa amani.

15 Aprili

1.99.

Sasa nimeelewa, ni mtandao. Wauzaji wote wanajuana, na mdogo wangu kawanunulia chai wote.

19 Aprili

Kimya ameniuliza, akiwa anasuka, kama nina habari kwamba mdogo wangu hana kazi na amepanga chumba nyuma ya soko. Nikamwambia sikumwuliza. Akasema hata yeye hakuulizwa, ametoa bure. Nimemwangalia vizuri. Kwa nini anamtetea?

26 Aprili

Mota niliyoisuka kwa waya niliochagua mwenyewe imerudi. Imeungua. Nimekaa nayo mapajani muda mrefu, vanishi inaninata kwenye vidole. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, na niliona aibu kugundua kwamba nilikuwa namtafuta.

30 Aprili

Upepo wa juzi umeangusha nguzo, umeme hakuna tangu siku hiyo. Tanuri limezimwa, karakana imepoa kuliko siku zote. Kwa kukosa kazi nimechukua mita, nikapima rola ya boksi, ile niliyoitia alama.

1.75.

Nimeibadilisha betri ya mita. 1.75. Nimepima rola niliyonunua mwenyewe: 1.75. Nimepima zote.

Jambo la kwanza lililonijia kichwani, naliandika lilivyo: Kimya kazibadilisha. Mdogo wangu kapata habari, kaleta shaba safi, wamezibadilisha mimi nikiwa nimelala. Nikaigeuza ile rola. Alama yangu ya msumari ilikuwepo, kwa pembe ile ile, na mkwaruzo mdogo pembeni pale mkono ulipoteleza.

Waya ule ule. Mwezi uliopita ulikuwa mwizi, leo mtakatifu. Sijui nimwamini nani, na waliobaki wa kuwatilia shaka ni mita na mimi.

2 Mei

Umeme umerudi jana mchana, na leo mwalimu wa fizikia amerudi kutoka kwenye usahihishaji, akaja mwenyewe, maana ujumbe wangu alisema ulisomeka kama wa mtu anayedaiwa damu. Nikampa karatasi. Aliitazama kama anavyotazama madaftari ya wanafunzi, kalamu ikimwasha mkononi.

"Niletee vitabu vyenyewe," alisema.

Nikamletea cha Baba. Akaupita mstari wa shaba, akapandisha kidole mpaka juu kabisa ya jedwali, kwenye kichwa cha safu, mahali ambapo mimi sikuwahi kupasoma. Paliandikwa nyuzi joto sifuri.

"Hii ni shaba iliyolala kwenye barafu," alisema. "Hiyo ya simu yako ni shaba safi ya maabara, nyuzi ishirini. Ya kitabu chako cha chuo ni waya wa kawaida wa kiwandani, nyuzi ishirini vilevile. Hakuna aliyekudanganya. Umekata vichwa vya majedwali ukachukua viwiliwili."

Akaniambia shaba ikipata joto namba yake inapanda, na namba isiyotajwa joto lake ni nusu ya habari. Akauliza waya wangu ulikuwa na joto gani nilipoupima. Nikamjibu kwamba ulikuwa mkavu. Akasema hakuniuliza ukavu.

Aliinuka, akaweka kiganja juu ya rola iliyo kwenye tanuri, akakiondoa haraka.

"Na hapa ndipo unapopimia?"

 Alikaa, akapiga hesabu nyuma ya karatasi yangu. Waya mzuri wa shaba kwenye nyuzi sitini, joto alilolikisia kwa kiganja: 1.99. Waya huo huo katika karakana iliyopoa, nyuzi ishirini na nne: 1.75. Akanizungushia majibu yote mawili kwa wino, kwa mazoea ya kazi.

 Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, kwamba bado mota zinaungua, hilo nalo si uongo, vanishi haikauki, vanishi ni mbovu. Mwalimu hakuwa na la kusema juu ya vanishi. Aliyesema ni Kimya.

"Itakauka vipi, bosi, na matundu ya kutolea mvuke tumeyaziba na rola? Nilisema siku ile ile tunazipandisha."

"Ulisema?"

"Nilisema. Ila mimi nasema mengi."

Tumeshusha rola zote chini. Matundu yalikuwepo, safu mbili, yamebaki na rangi tofauti pale rola zilipokalia. Waya haukuwa na kosa, wala vanishi. Nilizipandisha pale ili nimchunge mdogo wangu, na kwa kumchunga nikazichoma mota za watu, halafu nikamfukuza yeye kwa moto wangu.

3 Mei

Nimemwambia Baba. Nilipiga magoti kabisa, jambo ambalo sijafanya tangu utoto. Alinisikiliza hadi mwisho kwa lile sikio zima. Nilitaka anigombeze. Alisema tu kwamba ufunguo uko kwenye droo, niupeleke mwenyewe, na kwamba yeye pia aliishika ile karatasi akaiamini, kwa hiyo nikifika huko nisijibebeshe mzigo wote peke yangu. Ndipo nikalia.

5 Mei

Nimekwenda nyuma ya soko.

Ni chumba kimoja chenye mlango unaofunguka barabarani. Mlangoni ameweka meza, na juu ya meza rola nne za waya. Anauza. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, yeye akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Viatu vya ngozi vilikuwa chini ya kitanda, vimefungwa kwenye mfuko. Aliniona nikivitazama, akasema alivinunua kwa ajili ya siku ya kuandikiwa karakana, ila siku ile alivivaa kuvijaribu tu. Alisema bila uchungu, kama mtu anayejibu swali la njia.

Nilimweleza kila kitu: tanuri, majedwali, nyuzi, matundu. Nilimweleza kwa urefu sana, nafikiri kwa sababu nilipokuwa naeleza nilikuwa sijafika pa kuomba msamaha. Alitikisa kichwa pale panapostahili. Ufundi wake ni mzuri, alielewa habari ya joto kabla sijaimaliza. Halafu nikaomba msamaha, nikaweka ufunguo juu ya meza.

 Mteja alikuja, akanunua waya kidogo, akaondoka.

"Nimekusamehe, Dada," alisema. "Kweli nimekusamehe. Lakini kuna kitu nashindwa kukimeza. Namba ya shaba umeiuliza kwenye simu, umeiuliza maktaba, umeiuliza kwenye ukuta wa shule. Mimi nilikuwa nakunywa chai na wewe kila asubuhi, hukuniuliza hata mara moja."

Nikazihesabu zile rola nne za mezani, kama mteja. 

Akanirudishia ufunguo, si kwa hasira, akaufungia kiganja changu kama mtu anayempa mtoto nauli. Akasema karakana niendeshe mimi, Baba atakuja kula kwake Jumapili, na mimi nikipenda nije. Waya nikihitaji, anao.

9 Mei

Mota ya Mama wa Mashine imekauka ngumu kama kucha. Nimemrudishia na kumwambia kosa lilikuwa langu. Akasema alikuwa amekwisha sikia ni la mdogo wangu. Nikamwambia awaambie wanaosaga ni langu. Akaniangalia kwa huruma, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kufokewa.

16 Mei

Bati la stoo limezibwa. Manyunyu tu. Baba amekuja karakana, amekaa kidogo, ameondoka kabla ya chai.

24 Mei

Jua. Nadhani mvua zimekwisha.

Nilikuwa nimeagiza rola mbili kwa mdogo wangu, na leo mwenye pikipiki, yule yule wa viazi, amezileta. Ndani ya boksi kulikuwa na risiti imeandikwa "Kwa mteja wetu," na chini yake cheti cha kiwanda chenye mhuri. Kimetaja unene, uzito, namba ya shaba, na pembeni ya namba, kwa mwandiko wa mdogo wangu, ameongeza: kwa nyuzi ishirini. Ameipigia mstari ili nisiikose. Msimu mzima nimezunguka kutafuta namba ya kuaminika, ikaletwa mlangoni na mtu ambaye hataki tena kuaminiwa kwa mdomo wake mtupu.

Nilisema sitaupima. Nilizunguka meza, nikapanga koleo, nikamtuma Kimya nje. Halafu nimeupima. Humu daftarini sina sababu ya kujidanganya. Nimeacha rola chini, mbali na tanuri, nimeiwekea kipimajoto ubavuni, nimefanya hesabu kama mwalimu alivyonionyesha, na jibu likawa lile lile la kwenye cheti, hadi tarakimu ya mwisho.

Niliomba likosee kidogo, nipate sababu ya kumpigia simu.